Hela ya utafiti, feloshipu na kazi kwa watu wa sayansi ya jamii: pa kuanzia

Kila tangazo la ufadhili likitoka inboksi inajaa maswali yale yale. "Kaka hii naweza kuomba?", "naomba sampo ya andiko", "wanachukua wa masters?" Ukimjibu huyu kesho anakuja mwingine na lile lile. Basi naandika hapa mara moja, ukiniuliza tena nitakutumia hii. Nimemuwaza mtu wa sosholojia, anthropolojia, siasa, maendeleo, jinsia, historia, elimu, na wa uchumi pia, aliyeko Tanzania, Kenya au Uganda, awe amemaliza digrii ya kwanza, yuko masters au anahangaika na PhD. Watu wa maabara nyie mna hela zenu, tuachieni hizi kidogo.

Nitangulize jambo moja maana ndilo linaloangusha wengi. Watu wanatafuta hela kwanza halafu ndo wanatafuta cha kutafiti. Limetoka tangazo la tabianchi, usiku huo huo mtu kashakuwa mtaalamu wa tabianchi, na anayesoma maombi anakujua kwenye mstari wa tatu. Fanya kinyume: uwe na kurasa 2 zako zilizoiva kwanza, kisha ndo uzunguke nazo kwa wafadhili.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- CV ya kitaaluma, siyo ile ya kuombea kazi benki. Picha, dini, kabila na hali ya ndoa toa. Weka elimu, kichwa cha tasnifu, kazi za utafiti ulizofanya na ulifanya nini hasa, programu unazozijua (Stata, R, NVivo, KoboToolbox), lugha. Na lugha usizidharau, mtu anayeongea Kiswahili, Kisukuma na Kiingereza ana kitu ambacho mtafiti wa Ulaya anakilipia.
- Vyeti na transkripti, umeskani vizuri kwenye PDF moja. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole haikubaliki.
- Barua pepe yenye jina lako la kweli. Ile ya "sexyboy" ya form four iache ipumzike.
- Namba ya ORCID, yaani namba ya kukutambulisha wewe kama mtafiti. Ni bure, unajisajili muda mfupi tu, na fomu nyingi siku hizi zinaiuliza.
- Maandishi yako, kurasa 10 mpaka 20 hivi. Sura moja safi ya tasnifu inatosha, hawahitaji tasnifu nzima.
- Watu 3 wanaoijua kazi yako na wanaoweza kukuandikia barua.
- Pasipoti, kama unalenga nje. Usisubiri uitwe ndo uanze kukimbizana na Uhamiaji.
- Jedwali la Excel: jina la mfadhili, mwezi wa kufungua, mwezi wa kufunga, wanataka nini, umefikia wapi. Matangazo mengi yanarudi kila mwaka karibu na mwezi ule ule, kwa hiyo la mwaka huu ukilikosa umeshajua la mwakani.

Hatua ya 1. Jua uko ngazi gani

Ukiwa na digrii ya kwanza tu, ruzuku za kujifanyia utafiti wako mwenyewe ni chache sana, usipoteze muda huko. Njia yako ni mbili: kazi za utafiti za chini (nitazisema hatua ya 9) na skolashipu za masters. Chevening ya Uingereza inalipia masters ya mwaka mmoja ila inataka uzoefu wa kazi wa masaa 2,800, yaani kama miaka 2, na ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani ukae angalau miaka 2. Zipo pia za Commonwealth, DAAD ya Ujerumani na Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya.

Ukiwa PhD ndo soko limechangamka. Kuna hela ya kuandaa andiko, hela ya fildi, hela ya kukaa chini umalizie kuandika. Hizi ni hela tatu tofauti, usiombe ya kumalizia wakati bado hujaenda fildi.

Ukishamaliza PhD unaingia kwenye posdoki, na huku saa inahesabu kuanzia siku ya PhD yako. Feloshipu ya posdoki ya Marie Skłodowska-Curie, kwa mfano, inataka usiwe umevuka miaka 8 tangu upate PhD. Umri wako hauwahusu sana, wanaangalia hiyo miaka.

Hatua ya 2. Ivisha swali lako

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo hela inapopatikana au kukosekana, kwingine kote ni kujaza fomu.

Andiko la kawaida ninaloletewa linaanza hivi:

"Mikopo ni muhimu kwa maendeleo ya wanawake duniani. Barani Afrika wanawake wengi wanakabiliwa na changamoto za mitaji. Nchini Tanzania serikali imefanya jitihada mbalimbali. Hivyo utafiti huu unalenga kuchunguza athari za mikopo kwa wanawake."

Soma tena. Hakuna hata sentensi moja ambayo mtu angeweza kuibishia. Umeanza na dunia, ukashuka bara, ukafika nchi, nafasi imeisha na bado hatujui unataka kwenda kumuuliza nani kitu gani. Sasa mtu yule yule, mada ile ile, akiandika hivi:

"Wauza ndizi wa soko la Mabibo, Dar es Salaam, wengi wapo kwenye vikoba vinavyokopesha kwa riba nafuu. Hata hivyo baadhi yao wanachukua mikopo ya kausha damu huku wakiwa bado na akiba kwenye kikundi. Kwa nini mtu aliye na mkopo wa bei rahisi achukue wa bei ghali? Utafiti huu unafuatilia maamuzi hayo kwa miezi 4, deni kwa deni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imewapanga wakopeshaji wasiopokea amana daraja la pili na vikundi vya kijamii daraja la nne, kana kwamba wateja wao ni tofauti. Utafiti utaonyesha inakuwaje pale mteja anapokuwa mmoja."

Umeona? Kuna mahali, kuna watu, kuna kitu hakikai sawa, na kuna sababu ya mtu wa Benki Kuu au wa New York kutaka kujua jibu. Hicho kitu kisichokaa sawa ndo kitafute. Kama huna, huna andiko bado, una mada tu.

Baada ya hapo kurasa 2 zinajipanga zenyewe: aya ya kitendawili kama hiyo juu, aya moja ya waliotangulia wamesema nini na wameishia wapi (usirundike majina, chagua watu wanaobishana), aya 2 za utafanyaje, aya ya ratiba, na aya ya kwa nini wewe. Kwenye kwa nini wewe usiseme una ari na shauku. Sema mama yako aliuza sokoni hapo miaka mingi kama ni kweli, au ulishafanya kazi ya udadisi (kukusanya data) kata hiyo.

Kosa la kila siku: kuandika mbinu kama orodha ya chuo, "utafiti utatumia mbinu mchanganyiko, dodoso, mahojiano, mijadala ya vikundi na mapitio ya nyaraka", vyote hivyo kwa miezi 3 peke yako. Chagua kimoja au viwili na useme kila kimoja kinajibu kipande gani cha swali.

Kisha mpe asiye wa fani yako asome. Kamati nyingi zimechanganyika, mwanahistoria anamsoma mchumi, kwa hiyo kama binamu yako mhasibu hajaelewa unatafuta nini, rudi mezani.

Hatua ya 3. Tengeneza orodha ya wafadhili wanaofanana na swali lako

Siyo wafadhili wote, wanaofanana. Nawataja ninaowaona wanafaa watu wetu, masharti ya mwaka husika utayasoma kwenye tovuti zao maana huwa yanabadilika.

Wa humu humu Afrika. CODESRIA ipo Dakar tangu 1973, ndiyo nyumba kubwa ya sayansi ya jamii barani, inafanya kazi kwa Kiingereza, Kifaransa, Kireno na Kiarabu, na ndugu zetu wa Congo na Burundi wanaoandika Kifaransa hapa hawako pembeni. Inapenda watu wanaobishana na mawazo, ukileta andiko la mtindo wa NGO lenye "wanufaika" na "viashiria" unajiumiza. OSSREA ipo Addis Ababa tangu 1980, yenyewe imejikita mashariki na kusini mwa Afrika. Wachumi wana AERC ya Nairobi, ilianza 1988. Kama unafundisha chuo na utafiti wako unagusa afya ya jamii au masuala ya idadi ya watu iangalie CARTA, mpango ulioanza 2008 chini ya APHRC ya Nairobi (kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya) na chuo cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, una vyuo wanachama kama Dar es Salaam, Nairobi, Moi na Makerere, na wenyewe unachukua wafanyakazi wa taasisi hizo, siyo mtu wa mtaani. Tena kuna Next Generation Social Sciences in Africa ya SSRC, baraza la utafiti wa sayansi ya jamii la New York (thibitisha kwanza kama bado wanatangaza), ilianzishwa 2011 kwa ajili ya walimu wa vyuo vya Afrika wanaosoma PhD humu humu barani.

Hela ya fildi. Wenner-Gren ni ya anthropolojia, inatoa mpaka dola 25,000 kwa fildi ya PhD na haijali uraia wako. Kama unasoma sosholojia lakini kazi yako ni ya kukaa na watu muda mrefu unaweza kuomba, ila andiko liongee na wanaanthropolojia kweli kweli. Harry Frank Guggenheim yenyewe inataka utafiti wa vurugu na ukatili tu, ukiwa unasoma migogoro ya wafugaji na wakulima au vipigo vya majumbani ndo pako. Kwa hela ndogo zaidi angalia British Institute in Eastern Africa na IFRA, taasisi ya utafiti ya Wafaransa, zote zina makao Nairobi. Watu wanazidharau hizi ndogo na mimi nakwambia anza nazo, maana hela ndogo uliyoimaliza vizuri ukaandika ripoti ndiyo inayokufanya uaminiwe na mwenye kubwa.

Ukiwa PhD nyumbani na unataka kwenda nje bila kuhama, kuna skolashipu ya Commonwealth ya kugawanya (split-site), unabaki mwanafunzi wa chuo chako hapa na unakaa Uingereza mpaka miezi 12. Wengi hawaijui. DAAD nayo ina utaratibu wa kusomesha watu ndani ya nchi au ukanda wao wenyewe, bila kupanda ndege kwenda Ujerumani.

Posdoki: STIAS ya Stellenbosch ina feloshipu ya Iso Lomso kwa watafiti vijana wa Afrika, na MIASA, nayo taasisi ya kupokea watafiti, ipo Accra pale Chuo Kikuu cha Ghana.

Hatua ya 4. Soma tangazo na kalamu mkononi

Kopi vigezo vyote uviweke kwenye karatasi, kila kimoja andika ndiyo au hapana. Hapana moja ikitokea, achana nalo, usiombe kwa matumaini. Angalia hasa mambo haya: ni uraia au makazi wanaoutaka (kuna feloshipu za "Waafrika" zinazotaka uwe unaishi Afrika, wewe uliyeko Muscat au Minneapolis haikuhusu), lazima uwe umeajiriwa chuoni au la, PhD umeisajili au umeiomba tu, na je, wanalipa fildi ya nchini kwako.

Baada ya hapo chukua maneno yao ya msingi uone kama swali lako linayagusa bila kulazimisha. Likigusa, badilisha aya ya kwanza na ya mwisho ya kurasa zako 2. Katikati usiguse sana. Kila mfadhili akikubadilishia utafiti mzima mwishowe huna utafiti.

Hatua ya 5. Bajeti

Watu wa sayansi ya jamii tunaogopa bajeti kama hesabu ya form two. Lakini msomaji mzoefu anaanzia huko, maana bajeti inamwambia kama ulishawahi kwenda fildi au unahadithia.

Chukua ule utafiti wa Mabibo. Mahojiano 40, kila moja saa moja. Mtu mzoefu anatumia kama saa 4 mpaka 6 kuandika saa moja ya rekodi, kwa hiyo hapo una masaa 160 mpaka 240 ya kunakili. Nani ananakili? Wewe? Basi ratiba ionyeshe. Msaidizi? Basi bajeti ionyeshe. Na hapa ndo kuna uamuzi ambao wageni hawaujui: usitafsiri mahojiano yote kwenda Kiingereza. Nakili kwa Kiswahili, chambua kwa Kiswahili, tafsiri vipande utakavyonukuu tu. Unaokoa hela na maana haipotei njiani, na ukilieleza hilo kwa sentensi moja kwenye andiko kamati inaona unajua kazi.

Vitu vinavyosahaulika: nauli ya kurudi kwa mtu aliyekuwa hayupo siku ya miadi, vocha na bando, soda na chai za mijadala ya vikundi, fidia ya muda wa mama aliyeacha biashara kukaa na wewe, ada ya kamati ya maadili, kuchapisha na kudurufu, na safari ya kurudisha matokeo kwa wahusika. Vitu vinavyozidishwa: laptop ya bei mbaya, posho yako mwenyewe, mikutano ya nje.

Onyo. Soma kama wanalipa makato ya chuo au hapana. Wenner-Gren hawalipi, na chuo chako kinaweza kuja kudai asilimia yake baada ya hela kuingia. Kamuulize mhasibu kabla, akuandikie.

Halafu andika kiwango cha kubadilishia fedha ulichotumia na tarehe yake. Shilingi ikiteleza baada ya miezi 8 utakuwa na pa kuanzia maongezi.

Hatua ya 6. Barua za wadhamini

Profesa ana wanafunzi wengi na barua yako siyo kipaumbele chake, mrahisishie. Mwandikie wiki 4 kabla, siyo siku 2. Ujumbe uwe hivi:

"Shikamoo Profesa. Mimi ni (jina), ulinisimamia tasnifu ya masters kuhusu vikoba Temeke. Naomba feloshipu ya (jina), inafungwa tarehe (fulani). Naomba kama utaweza kuniandikia barua. Nimeambatanisha andiko la kurasa 2, CV, na mambo 3 ambayo tangazo linataka mdhamini ayaguse. Barua inatumwa na wewe mwenyewe kwa linki watakayokutumia. Nitakukumbusha wiki moja kabla kama utaniruhusu. Ahsante sana."

Umemkumbusha wewe ni nani, umempa tarehe, umempa malighafi, umeomba ruhusa ya kumsumbua. Akisema "andika wewe nisaini", na wapo wengi wanaosema hivyo, mrudishie nukta za ukweli za kazi uliyofanya naye umuombe aiweke kwa maneno yake. Barua 3 zenye sentensi zinazofanana zinajulikana mara moja.

Na usichague mtu kwa cheo. Mhadhiri aliyekufundisha kweli na anayeweza kusimulia ulivyofanya fildi anakufaa kuliko mkuu wa kitivo anayesema wewe ni "mchapakazi na mwadilifu".

Hatua ya 7. Vibali, anza mapema

Wafadhili wengi hawaachii hela mpaka waone kibali. Tanzania mwanafunzi au mfanyakazi wa chuo kikuu cha umma kwa kawaida anapata barua ya chuo, ambapo makamu mkuu wa chuo anatoa kibali kwa niaba ya COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), ila ukiwa na mwenzako mgeni yeye ataomba COSTECH moja kwa moja. Utafiti wa afya una njia yake ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Barua ya chuo inaenda kwa katibu tawala wa mkoa, anakupa barua ya wilaya, wilaya inakupa ya kata, mtendaji wa kata anakupeleka kwa wa mtaa au kijiji. Kila meza inaacha kopi na inapiga muhuri, kwa hiyo beba kopi za kutosha na usiende Ijumaa mchana. Mtendaji wa mwisho ndiye muhimu kuliko wote, huyo akikukubali umeingia.

Kenya ni leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi, unaomba mtandaoni ukiwa tayari na kibali cha kamati ya maadili, kisha unaripoti kaunti. Uganda unapita kamati ya maadili kwanza, halafu UNCST, baraza lao la sayansi.

Kwenye ratiba ya andiko weka miezi 2 mpaka 3 ya vibali. Ukiandika kwamba utaanza mahojiano wiki ya kwanza baada ya kupata hela, anayeijua nchi atacheka.

Hatua ya 8. Tuma kabla ya siku ya mwisho

Saa 5:59 usiku ya New York kwetu ni saa 1:59 asubuhi ya kesho yake wakati kwao ni baridi, na saa 12:59 asubuhi wakati wa joto lao. Watu wanaitumia hiyo kama bonasi. Usiitumie, umeme ukikatika saa 11 alfajiri huna wa kumlaumu. Tuma siku 3 kabla. Faili lipe jina la maana, jina lako na aina ya nyaraka, siyo "final final2 MPYA". Fungua PDF yako kwenye simu ya mtu mwingine uone kama inasomeka. Hifadhi imeili ya kuthibitisha.

Hatua ya 9. Kazi, wakati unasubiri

Majibu yanachukua miezi na mtu lazima ale. Kazi ya kuingilia mlango ni udadisi: kukusanya data kwa tableti mitaani. NBS (ofisi ya takwimu ya Tanzania) inachukua wadadisi kwa tafiti zake kubwa, na taasisi za utafiti kama REPOA na ESRF Dar es Salaam, Ifakara kwa mambo ya afya, APHRC na Busara Nairobi, IPA Kenya na Uganda, zote zina misimu ya kuhitaji watu. Jifunze KoboToolbox na ODK nyumbani, unaweza kuanza bila kulipa. Tengeneza dodoso la maswali 20, lijaze kwa majirani, uwe na cha kuonyesha usaili. Mdadisi anayejua kutengeneza fomu yenyewe, siyo kuijaza tu, ndiye anayepandishwa kuwa msimamizi, na msimamizi ndiye anayekuja kuwa mtafiti msaidizi. Njia ni ndefu ila ni ya kweli.

Kazi za vyuo vya umma Tanzania zinapita Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuombea kazi mtandaoni, na matangazo ya mkufunzi msaidizi mara nyingi yanataka GPA ya 3.8 digrii ya kwanza. Kama una 3.4 usijitese na hilo dirisha, nenda taasisi za utafiti, huko wanaangalia unachoweza kufanya.

Kuhusu ufuatiliaji na tathmini: zamani nilikuwa nawaambia watu wakimbilie huko, sasa nawaambia taratibu. USAID, shirika la misaada la Marekani, lilipofungwa 2025 miradi mingi ilikatika ghafla na watu wazoefu wamerudi mtaani, kwa hiyo nafasi ile unayoiomba kama mgeni anaiomba pia mwenye miaka 12 ya kazi. Mikataba ya siku ipo bado, Benki ya Dunia kwa mfano ina ushauri wa muda mfupi usiozidi siku 150 kwa mwaka wao wa fedha, lakini huko wanachukua anayejulikana. Unajulikana vipi? Kwa kuandika muhtasari wa kurasa 2 wa tasnifu yako kwa lugha ya mtu wa kawaida na kumtumia anayefanya kazi eneo hilo, bila kumuomba kazi.

Utapeli

Mfadhili wa kweli hakudai "hela ya kuchakata fomu" kwa M-Pesa. Ada ya kuomba chuo ni kitu kingine, hiyo ipo na inalipwa kwenye mfumo wa chuo chenyewe. Mwaliko wa kongamano la Dubai au Bangkok uliokuita "Dear Eminent Professor" wakati wewe hata masters hujamaliza ni biashara ya viingilio. Jarida linalokuahidi kuchapisha ndani ya siku 5 ukilipa, hilo litakaa kwenye CV yako na kamati inalijua jina lake.

Ukikwama

*Nimekataliwa bila sababu.* Andika imeili fupi ya heshima kuomba maoni ya wasomaji. Wengine wanatoa, wengine hawatoi. Ukiyapata usiyajibu kwa hasira, yaweke siku 2 ndo uyasome tena.

*Nimekataliwa mara nyingi kwa andiko lile lile.* Tatizo liko ukurasa wa kwanza, rudi hatua ya 2. Ukiitwa usaili halafu unaishia hapo, basi andiko ni zima na shida ni kujieleza, fanya mazoezi ya kusema utafiti wako kwa dakika 2 bila karatasi.

*Msimamizi hajibu.* Nenda ofisini kwake asubuhi na karatasi iliyochapishwa. Kwa vyuo vyetu mguu bado unashinda imeili.

*Kiingereza changu kibovu.* Andika kwanza kwa Kiswahili mpaka hoja ikae, kisha hamisha kwa sentensi fupi. Kamati inasamehe sarufi, haisamehi kutoeleweka. Programu za akili bandia (AI) zitumie kusafisha sarufi tu kama masharti yanaruhusu, maana zikikuandikia andiko zima zinakurudishia ile aya ya "mikopo ni muhimu duniani" ikiwa imevaa suti.

*Sina chuo, nimemaliza zamani.* Tafuta taasisi ya kukupokea kama mtafiti mshiriki, idara uliyosoma au taasisi ya utafiti. Ruzuku nyingi zinahitaji mahali pa kupitishia hela, mkataba uusome kabla hujasaini.

*Nimepata mbili kwa pamoja.* Waambie wote wawili kabla hujasaini popote. Mara nyingi mmoja atakubali kulipa fildi na mwingine muda wa kuandika, ila wakija kugundua wenyewe kwamba wote wawili wanalipia nauli ile ile ya Mabibo utazirudisha zote.